Soul food ya Chicago: chakula cha Jumapili kilivyogeuka cha kila siku

Kuna ubishi mkubwa juu ya soul food, chakula cha Wamarekani weusi, na kila upande una hoja yake. Wapo wanaosema ni chakula cha watumwa, yaani utumbo na miguu ya nguruwe waliyoachiwa watu baada ya mwenye shamba kuchukua minofu. Wapo wanaosema ni mapishi ya Kusini mwa Marekani tu, yaliyobadilishwa jina. Wengine hawataki historia wala jina: kwao ni kuku wa kukaanga, makaroni na sukari, na ndicho kinachowaletea wazee presha. Yote matatu yana chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini mgahawa wa mtaani kule Chicago unakupa sahani jinsi unavyokupa: nyama moja, vitoweo viwili vya pembeni, kipande cha mkate wa mahindi, na bakuli la kitu kitamu ukipenda.

Nionavyo mimi, soul food ya migahawani ni chakula cha Jumapili cha watu wa mashambani, ambacho kilipanda treni, kikafika mjini, kikaanza kuuzwa siku zote 7 za wiki. Tuanzie shambani.

Mtumwa wa shamba la pamba alipimiwa kwa wiki unga wa mahindi, kiasi kidogo cha nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi, na pengine asali ya miwa. Mengine alijitafutia: bustani ndogo nyuma ya kibanda, samaki wa mtoni, wanyama wadogo wa porini. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, wengi walibaki wakilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na mlo haukubadilika sana. Siku za kazi watu walikula majani ya kuchemsha, kunde, mkate wa mahindi na maziwa ya mgando. Kwa viwango vya leo mlo huo ungesifiwa na mtaalamu yeyote wa lishe.

Kuku wa kukaanga hakuwamo. Kuku ni mayai, na mayai ni fedha. Kumchinja, kumnyonyoa, kumkatakata na kumkaanga kwenye mafuta mengi ilikuwa kazi ya siku yenye sababu: mchungaji anakuja kula, kuna harusi, ni Krismasi. Hivyo hivyo kwa keki, pai za viazi vitamu, na chochote kilichohitaji unga mweupe wa ngano na sukari nyeupe. Hata utumbo wa nguruwe, ambao leo watu huuchukulia kama alama ya dhiki, ulikuwa chakula cha msimu: nguruwe walichinjwa baridi ilipoanza, na siku ya kuchinja ilikuwa sherehe ya kijiji kizima. Wazungu maskini wa Kusini waliula vilevile. Kwa hiyo hadithi ya masalio ni finyu mno. Makaroni ya jibini, kwa mfano, hayakutoka kwenye masalio ya mtu. Yaliingia kwa mlango wa jiko la matajiri, kupitia wapishi kama James Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson (aliyekuja kuwa rais wa Marekani), aliyepelekwa Paris mwaka 1784 akafundishwa upishi wa Kifaransa.

Ukichungulia sahani yenyewe utaona mabara yamekutana. Kunde na bamia asili yake ni Afrika. Mahindi na viazi vitamu ni vya Amerika. Majani ya kijani yanayoitwa collards ni jamii ileile ya sukuma wiki, na kwa Wamarekani, kama kwetu, yalifika kutoka Ulaya. Lakini namna ya kuyapika, kuyaacha motoni muda mrefu mpaka yalegee na kisha kuuthamini mchuzi wake kuliko majani yenyewe, wanahistoria wengi wa chakula huihusisha na Afrika Magharibi. Hapa msomaji wa pwani yetu asikimbilie kudai undugu wa moja kwa moja. Watu wengi waliopelekwa Marekani utumwani walitoka Afrika Magharibi na ya Kati. Sisi tunafanana nao kwa majani na kunde, si kwa jiko.

Sasa treni. Kuanzia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza hadi mwaka 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 walihama Kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi. Walikimbia sheria za ubaguzi, walikimbia makundi ya Wazungu yaliyoua watu bila kesi, walikimbia pia mdudu aliyekuwa akimaliza pamba. Kwa upande wa pili viwanda viliwahitaji, kwa sababu vita ilikuwa imekata wahamiaji kutoka Ulaya. Watu wa Mississippi, jimbo la Kusini, walikuja Chicago zaidi kuliko mji mwingine kwa sababu rahisi kabisa: reli ya Illinois Central ilipita kwao na kuishia Chicago. Wapagazi wa treni walisambaza huko Kusini gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, na gazeti likawaambia watu waje. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na watu weusi wapatao 44,000. Mwaka 1970 walizidi milioni moja.

Safarini walibeba chakula chao kwenye maboksi ya viatu: kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, kipande cha keki. Mabehewa ya kulia chakula hayakuwahudumia watu weusi, au yaliwatenga. Kuku wa kukaanga hukaa muda bila kuharibika na huliwa kwa mkono. Ndiyo kusema kuku wa Jumapili alikuwa ameshaanza kuliwa siku za kazi kabla hata treni haijafika stesheni.

Mjini mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza ni mshahara. Mtu aliyepata kazi Union Stock Yards, yale machinjio makubwa yaliyofanya kazi kuanzia 1865 hadi 1971, au kwenye viwanda vya chuma kusini mwa jiji, alilipwa kwa wiki, na kuku, unga mweupe na sukari vilikuwa dukani siku zote. Alichokuwa akikionja mara moja kwa wiki sasa aliweza kukila Jumanne. La pili ni nyumba. Watu weusi walibanwa kwenye ukanda mwembamba wa kusini mwa jiji, eneo lililokuja kuitwa Bronzeville, na wenye nyumba wakagawa fleti moja kuwa vyumba vingi vya familia nzima nzima, choo cha kuchangia, jiko la kuwekea sufuria moja. Katika chumba cha namna hiyo huwezi kuchemsha majani kwa muda wa saa tatu na kuoka pai. Mwanamke aliyejua kupika akiwa na sehemu kubwa kidogo alipata wateja bila kutangaza. Mantiki yake ni ileile ya mama ntilie: wafanyakazi mbali na kwao, njaa ya mchana, na mtu mmoja anayejua ladha ya nyumbani.

Kwenye migahawa ya Wazungu hawakupata nafasi. Sheria ya jimbo la Illinois ilikataza ubaguzi wa namna hiyo, lakini wenye migahawa walipuuza. Mwaka 1943 vijana wa CORE, shirika la kupinga ubaguzi lililokuwa limeundwa Chicago mwaka uliotangulia, waliketi kwenye mgahawa ulioitwa Jack Spratt wakakataa kuondoka mpaka wahudumiwe. Hiyo ni miaka 17 kabla ya ile migomo ya kuketi ya Kusini inayojulikana zaidi. Basi mgahawa wa mtaani haukuwa mahali pa kula tu. Ulikuwa mahali ambapo mtu mweusi angevuta kiti bila kuulizwa maswali, na kwa hiyo ukawa pia ukumbi wa siasa. Army & Lou's, uliofunguliwa mwaka 1945, ndiko alikokula Harold Washington, aliyechaguliwa mwaka 1983 kuwa meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo. Upande wa magharibi, Edna Stewart alifungua mgahawa wake mwaka 1966, mwaka uleule Martin Luther King alipohamia mtaa wa Lawndale kupigania haki ya makazi, na wanaharakati wakala kwake. Jina soul food lenyewe lilishika katika miaka hiyo ya 60, wakati neno "soul" lilipokuwa limebeba fahari ya watu weusi. Kabla ya hapo vibao viliandika tu kwamba hapa panapikwa mapishi ya Kusini au ya nyumbani.

Kuku anastahili nafasi yake peke yake. Harold Pierce, mtu wa Alabama, alifungua Harold's Chicken Shack mwaka 1950 upande wa kusini. Wakati huo makampuni makubwa ya vyakula hayakuwa na haja na mitaa ya watu weusi, na yeye akaona mwanya. Matawi yake yalipewa namba, na wenyeji hubishana ni namba ipi inakaanga vizuri kwa ukali ambao kwetu hutengewa Simba na Yanga. Kuku hukaangwa kwenye mchanganyiko wa mafuta ya ng'ombe na mafuta ya mimea, na kwa desturi hukaangwa ukishaagiza, kwa hiyo utasubiri. Huwekwa juu ya chipsi na vipande vya mkate mweupe wa dukani, pembeni kikombe kidogo cha kachumbari ya kabichi. Mgeni hushangaa mkate unafanya nini pale. Unanyonya mafuta na sosi, na ukifika chini ndio unakuwa mtamu kuliko kuku.

Sosi hiyo huitwa mild sauce, na ukitoka nje ya Chicago ni vigumu kuipata. Ni nyekundu, tamu kidogo, chachu kidogo, mahali fulani kati ya sosi ya nyanya, sosi ya nyama choma na pilipili ya chupa. Humwagwa juu ya kila kitu, chipsi na mkate vikiwamo. Upande wa magharibi wa jiji wana Uncle Remus, wao pia na sosi yao tangu mwaka 1969, na mtu wa huko hatakubali kwamba Harold's ni kuku.

Machinjio nayo yaliacha alama. Mchinjaji akiunyoosha ubavu wa nguruwe ili upendeze dukani, hukata ncha zenye gegedu na mafuta. Ncha hizo ziliuzwa bei ya chini, na wapishi wa upande wa kusini wakazifanya chakula cha Chicago. Lem's, ambao mwanzo wake ni mwaka 1954, huzichoma kwenye jiko la chuma na kioo linalofanana na tangi la samaki, kisha huzimwagia sosi juu ya chipsi. Kuna watakaokwambia nyama choma si soul food. Kwa kanuni za vitabu wana haki. Lakini mtu wa mtaani hapangi njaa yake kwa kanuni, na foleni ya Ijumaa jioni ina watu walewale.

Lem's ipo barabara ya 75, upande wa kusini. Army & Lou's ilikuwa barabara hiyohiyo. Na hapohapo ndipo ubishi wa afya unapoonekana kwa macho, kwa sababu mgahawa wa Original Soul Vegetarian, ambao sasa huitwa Soul Veg City, nao uko barabara ya 75, na haupiki nyama hata kidogo. Uliletwa na jumuiya ya Waebrania Waisraeli Waafrika, kundi lililoanzia Chicago, likahamia Liberia mwaka 1967 na baadaye Israeli, na ambalo hula mimea tu. Wanapika makaroni, sukuma wiki na nyama za bandia kwa viungo vilevile vya bibi zao.

Kabla yao, Elijah Muhammad, aliyeongoza kutoka Chicago Nation of Islam, jumuiya ya Kiislamu ya Wamarekani weusi, aliwakataza wafuasi wake nguruwe, na hakuishia hapo. Alikataza pia kunde, majani ya collards, viazi vitamu na mkate wa mahindi, akiviita vyakula vya utumwa. Badala ya pai ya viazi vitamu wakaja na pai ya maharage meupe, ambayo mpaka leo huuzwa na vijana waliovaa suti na tai. Mtu akiionja bila kuambiwa, hadhani kama ni maharage.

Kwa maoni yangu, Elijah Muhammad alipatia juu ya nguruwe wa chumvi na akakosea juu ya bustani. Majani, kunde na viazi ndivyo vilivyowaweka watu hai siku za kazi. Kilicholeta matatizo ni karamu kuliwa kila siku, na mwili wa mtu aliyeacha kulima na kuanza kukaa kwenye basi na ofisini. Presha na kisukari kwa Wamarekani weusi vina sababu nyingi, zikiwamo umaskini, mitaa isiyo na maduka ya mboga, na hospitali zisizowasikiliza, na ni kosa kutwisha sahani moja mzigo wote. Hata hivyo wapishi wamesikia. Kwenye migahawa mingi leo majani hupikwa kwa shingo au bawa la bata mzinga wa moshi badala ya mguu wa nguruwe.

Jambo hilo lina maana kwa Waswahili wanaoishi Marekani, wengi wao Waislamu. Nguruwe hujificha. Anaweza kuwa ndani ya majani, ndani ya kunde, ndani ya maharage mabichi, hata kama hukuona kipande. Uliza kila sufuria peke yake, usiulize mgahawa kwa jumla, maana mpishi mmoja huweza kutumia bata mzinga kwenye majani na nguruwe kwenye kunde. Usione aibu kuuliza. Mtaa uliolelewa karibu na Nation of Islam umelizoea swali hilo.

Migahawa inapungua. Army & Lou's ulifungwa mwaka 2011. Edna Stewart alifariki mwaka 2010. Mara nyingi lawama hupewa afya au vijana wasiopenda kupika, lakini hesabu ya watu inasema zaidi: mwaka 1980 Chicago ilikuwa na watu weusi karibu milioni 1.2, na mwaka 2020 hawakufika 800,000. Viwanda vya chuma vilifungwa, machinjio yalishaondoka, na wengi wamehamia vitongoji vya nje au wamerudi Kusini, Atlanta na kwingineko. Mgahawa wa bei nafuu unaishi kwa wapita njia, na wapita njia wameondoka. Kisha kuna kazi yenyewe. Majani huoshwa maji mengi mpaka mchanga uishe, huchambuliwa mishipa, huchemshwa saa kadhaa, na mwisho huuzwa kama kitoweo cha pembeni cha dola chache. Mama aliyefanya kazi hiyo miaka 40 alimsomesha mwanawe ili asiifanye.

Wakati huohuo, mapishi hayohayo yamepanda daraja kwingine. Erick Williams, mpishi wa mgahawa wa Virtue katika mtaa wa Hyde Park, kusini mwa jiji, alipata mwaka 2022 tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi wa Marekani, ya mpishi bora wa ukanda wa Maziwa Makuu ya Marekani. Pale kuna orodha ya mvinyo. Sioni ubaya, ila ni kitu kingine, na bei yake ni nyingine.

Ukitaka mgahawa wa mtaani, MacArthur's, kwenye barabara ya Madison eneo la Austin, magharibi mwa jiji, ni darasa zuri. Unashika sinia, unapanga foleni, na vyakula viko mbele yako nyuma ya kioo: kuku wa kukaanga, bata mzinga na dresingi yake, yaani mkate wa mahindi uliovurugwa na viungo kisha ukaokwa, mikia ya ng'ombe, kambare aliyepakwa unga wa mahindi. Obama alipokuwa mwanasiasa wa Chicago alikuwa mteja. Chagua nyama kwanza, kisha viwili vya pembeni. Usikawie ukifika mbele, maana walio nyuma yako wamekuja kwenye mapumziko ya kazi. Makaroni huhesabiwa miongoni mwa mboga, na hakuna anayecheka. Viazi vitamu vilivyopikwa kwa siagi, sukari na mdalasini navyo ni mboga, japo ni vitamu kuliko keki. Mkate wa mahindi wa Chicago huwa na sukari na unga wa ngano, na mtu wa Mississippi aliyebaki kwao atakwambia hiyo ni keki. Ukikuta samaki wa kukaanga anauzwa na tambi za nyanya, usidhani jikoni wamechanganya oda. Ndivyo wanavyomla.

Jumapili baada ya ibada foleni hufika mlangoni, na baadhi ya sufuria hukauka mapema. Atakayechelewa atapata kuku, lakini majani yameisha. Kwenye maduka ya kuku utaongea na muuzaji kupitia kioo kinene kisichopenya risasi, na chakula kitatoka kwenye kidirisha kinachozunguka. Ni mazoea ya mtaa, si dharau kwako. Sema mapema kama unataka mabawa au mapaja, kama unataka chumvi na pilipili manga, na zaidi ya yote sema kama sosi imwagwe juu au iwekwe pembeni. Usiposema itamwagwa, na utakuwa na robo saa hivi kabla chipsi hazijalowa.